Kuongeza "mwezi mmoja" kwenye tarehe: siku 30, kubana mwisho, au kuacha imwagike?

fundi_wa_lanet · Nakuru

Wandugu, nisaidieni kabla sijatimuliwa kwenye chama ambacho mweka hazina wake ni mama yangu mzazi.

Niliwaandikia programu ndogo ya Python ya kufuatilia mikopo. Mwanachama akikopa, programu inatoa ratiba ya marejesho ya miezi 12, na siku ikifika anapata ujumbe kwenye simu. Sasa, timedelta, chombo cha Python cha kuongeza muda kwenye tarehe, haijui kitu kinachoitwa mwezi. Inajua wiki, siku, saa, sekunde. Nikasema hakuna neno, mwezi ni siku 30:

`tarehe = tarehe + timedelta(days=30)`

Kuna mama anayeuza viazi pale sokoni, yeye alikopa tarehe 31 Januari 2025. Ratiba aliyopewa ndiyo hii: 2 Machi, 1 Aprili, 1 Mei, 31 Mei, 30 Juni, 30 Julai, 29 Agosti, 28 Septemba, 28 Oktoba, 27 Novemba, 27 Desemba, 26 Januari.

Februari hakudaiwa hata shilingi. Mei alidaiwa mara mbili. Alikuja mkutanoni na simu mkononi, akasoma jumbe zote mbili kwa sauti, kisha akauliza huu mwezi wa Mei ulijifungua pacha lini. Watu walicheka mpaka chai ikapoa. Tangu siku hiyo narekebisha tarehe kwa mkono, na nimechoka.

Nimeona njia tatu. Ya kwanza ni relativedelta ya maktaba ya dateutil. Ya pili ni kubadilisha namba ya mwezi tu kwa replace(month=...), ingawa nilipoijaribu na tarehe 31 iliangusha programu nzima kwa ValueError. Ya tatu, jirani yangu ananiambia nihamie PHP, eti kule unaandika "+1 month" na mambo yanaisha. Ninyi mnatumia ipi?

---

nyota_ya_kibuye · Kisumu

Pole fundi. Mei kujifungua pacha, hiyo nitaipeleka kazini kesho.

Kabla hujahama, mwambie jirani aendeshe mstari huu mbele yako:

`echo date('Y-m-d', strtotime('2025-01-31 +1 month'));`

Jibu ni 2025-03-03. PHP inasogeza mwezi, inapata 31 Februari, inaona Februari hiyo imeishia 28, basi zile siku tatu zilizozidi inazimwaga Machi. Haisemi kitu. Ndiyo maana mimi naiogopa kuliko ile replace yako inayoanguka. Inayoanguka angalau inapiga kelele mchana kweupe.

Tena angalia ratiba yako ingekuwaje. Ukihesabu kila awamu kutoka 31 Januari, ya kwanza inaangukia 3 Machi na ya pili 31 Machi. Pacha hawajaondoka, wamehamia Machi tu.

Mimi nafanya PHP kila siku na siwezi kuihama, kwa hiyo natumia addMonthsNoOverflow ya Carbon, maktaba ya tarehe ya PHP, ambayo haimwagi. Nikitaka mwisho wa mwezi kabisa, naandika 'last day of next month' na inanipa 28 Februari kama inavyotakiwa. Lakini kama tayari uko kwenye Python, baki hapo hapo, relativedelta inabana: 31 Januari kuongeza mwezi ni 28 Februari.

Kwa atakayepita hapa baadaye na lugha nyingine, hivi ndivyo ninavyokumbuka kwa kuumia mwenyewe. Zinazomwaga: setMonth ya JavaScript, AddDate ya Go (nyaraka zao wenyewe zinakuambia 31 Oktoba ukiongeza mwezi unapata 1 Desemba), na SQLite, hifadhidata ndogo ambayo wengi wanayo ndani ya programu za simu bila hata kujua. SQLite tangu toleo la 3.46 unaweza kuongeza neno 'floor' mwishoni ikabana. Zinazobana: plusMonths ya Java, hifadhidata za PostgreSQL na MySQL, na EDATE ya Excel.

---

mwalimu_lurambi · Kakamega

Mulembe wote.

Fundi, usiilaumu timedelta. Imekataa mwezi kwa sababu mwezi hauna urefu. Wiki ni siku 7 popote uendapo. Mwezi ni siku 28, 29, 30 au 31, kutegemea umesimama wapi. Tunaposema "ongeza mwezi" hatujumlishi chochote. Chukua kalenda ya ukutani, ile unayopewa dukani Desemba ukinunua unga mwingi. Unafunua ukurasa mmoja, halafu unatafuta mraba wenye namba ileile. Ukiukuta, kazi imekwisha. Usipoukuta, lazima mtu aamue, na kila lugha iliamua kivyake miaka mingi kabla yako.

Kubana ni uamuzi mzuri kwa mikopo, dada Nyota yuko sahihi. Ila kuna shimo la pili ambalo hakuligusa, na ndilo litakalokumeza ukibadilisha mstari wako mmoja na kuacha mengine yalivyo. Jaribu:

`x = date(2025, 1, 31)`
`x + relativedelta(months=1) + relativedelta(months=1)`
`x + relativedelta(months=2)`

Baada ya ule wa x, mstari wa kwanza unakupa 28 Machi. Wa pili, 31 Machi. Darasani tunamfundisha mtoto kwamba kwenye kujumlisha unaweza kufunga mabano popote na jibu lisibadilike. Hapa linabadilika. Hata kwenda na kurudi hakukurudishi nyumbani: toa mwezi kutoka 31 Machi unapata 28 Februari, uongeze tena, 28 Machi. Siku tatu zimebaki njiani.

Kwa hiyo programu inayochukua tarehe ya awamu iliyopita na kuisogeza mwezi mmoja itambana yule mama Februari, na haitamwachia tena. Atalipa tarehe 28 mpaka mkopo uishe. Dawa ni kuweka tarehe ya asili mahali isipoguswa, na kila awamu ihesabiwe kutoka pale:

`ratiba = [asili + relativedelta(months=n) for n in range(1, 13)]`

Kama hutaki maktaba ya nje, miezi ni hesabu ya kumi na mbili tu:

`jumla = asili.year * 12 + (asili.month - 1) + n`
`mwaka, m = divmod(jumla, 12)`
`m = m + 1`
`siku = min(asili.day, calendar.monthrange(mwaka, m)[1])`

Ile kutoa moja na kuirudisha ni kwa sababu divmod, inayogawanya na kukupa jibu pamoja na baki, inataka Januari iwe sifuri. JavaScript waliiacha hivyo hivyo wazi kwa watumiaji, Januari sifuri, Februari moja. Sisi tunaosema "mwezi wa pili" tangu utotoni tunaumia mara mbili, maana kichwa chako kinasoma 2 na mashine inakupa Machi. Wanafunzi wangu wote wamepita hapo, na mimi pia.

---

fundi_wa_lanet · Nakuru

Mwalimu, asante sana. Nimeendesha mstari wako wa ratiba sasa hivi: 28 Februari, 31 Machi, 30 Aprili, 31 Mei, 30 Juni... mpaka 31 Januari. Kila mwezi mara moja. Karibu nimpigie mama viazi simu usiku huu.

Nilikuwa nafanya ulichosema kabisa, naongeza juu ya awamu iliyopita. Ningebadilisha maktaba na tatizo lingebaki.

---

kondele_seva · Kisumu

Hilo shimo la pili la mwalimu liko hata kwenye PostgreSQL, na limejificha vizuri zaidi. Watu wanajua Postgres inabana, basi wanaandika generate_series, ile inayozalisha orodha yenyewe, kuanzia '2025-01-31' kwa hatua ya '1 month' na kulala usingizi. Generate_series inaongeza hatua juu ya jibu lililotangulia. Unapata 31 Januari, 28 Februari, 28 Machi, 28 Aprili. Nilikaa na ripoti ya namna hiyo robo mwaka nzima kabla mtu hajauliza kwa nini hakuna kitu chochote kinachotokea tarehe 30.

Zalisha namba, usizalishe tarehe:

`SELECT (date '2025-01-31' + n * interval '1 month')::date FROM generate_series(1, 12) AS n;`

Hiyo ::date iache hapo, maana tarehe ikijumlishwa na interval (kipindi cha muda) inageuka kuwa tarehe yenye saa.

Sasa fundi, swali ambalo litakurudia. Mtu akikopa tarehe 30 Aprili, awamu yake ya kwanza ni 30 Mei au 31 Mei? Python na Java na Postgres watakuambia 30. ADD_MONTHS ya Oracle, hifadhidata nyingine, itakuambia 31, kwa sababu 30 Aprili ni siku ya mwisho ya mwezi, na Oracle inashikilia kwamba mwisho wa mwezi uzae mwisho wa mwezi. 28 Februari 2025 ukiongeza mwezi kule ni 31 Machi. Nilipohamisha mfumo mmoja kutoka Oracle nilidhani ni hitilafu, nikaisahihisha, nikaambiwa nirudishe.

---

mhasibu_s58 · Nakuru

Nawasoma tangu jioni na naona mnamtibu mgonjwa asiyepaswa kuugua. Kwa nini chama kiwe na malipo ya tarehe 31?

Angalieni KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. PAYE, kodi ya mishahara, ni kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, tarehe 20. Kodi ya mapato ya nyumba za kupangisha, tarehe 20. Hizo tarehe ziko kwenye kila mwezi, mfupi kwa mrefu. Wenye nyumba wengi hapa mjini nao wanataka pesa kati ya tarehe 1 na 5. Chama kiamue: wote tarehe 5. Fundi afute msimbo wote huo abaki na mstari mmoja.

Mtauliza awamu ya kwanza. Aliyekopa tarehe 31 Januari asidaiwe 5 Februari, siku tano baadaye. Aanze 5 Machi. Andikeni kwenye katiba ya chama kwamba anayekopa baada ya tarehe 20 anaruka mwezi mmoja, basi.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyekiuliza ni riba. Riba yenu ni ya mwezi au ya siku? Mkopo wa 100,000 kwa asilimia 12 kwa mwaka: ukihesabu kwa mwezi, kila mwezi ni 1,000, Februari na Machi sawa. Ukihesabu kwa siku juu ya 365, Februari ni 920.55 na Januari ni 1,019.18. Yote mawili ni halali mkikubaliana. Kisichofaa ni tarehe kwenda kwa mwezi na riba kwenda kwa siku 30, halafu mkopaji akakuta senti zisizolingana na daftari lake. Huyo mama wa viazi anaonekana ana daftari.

---

nyota_ya_kibuye · Kisumu

Mhasibu, kwa ofisi nakubaliana nawe. Kwa chama cha soko sikubali. Kuna mwalimu anayepata mshahara mwisho wa mwezi, kuna muuza samaki ambaye pesa yake iko leo na kesho haipo. Ukiwaambia wote tarehe 5, wa kwanza atakuwa ameshazitumia na wa pili atakuwa anazisubiri. Mtu alichagua tarehe 31 kwa sababu anajijua.

---

rekodi_kliniki · Kisumu

Naomba niingie na upande wangu, maana mnazungumza kana kwamba kubana ndiko jibu daima.

Mimi nashughulikia rekodi za kliniki ya watoto. Ratiba ya chanjo ina vipimo viwili vya muda ndani yake. Baada ya zile za kuzaliwa kuna za wiki 6, 10 na 14. Hizo ni siku tupu, 42, 70 na 98, timedelta inatosha na hakuna ubishi. Halafu surua-rubella inakuja miezi 9 na tena miezi 18. Hapo kalenda inaingia.

Mtoto aliyezaliwa 31 Mei 2025 anatimiza miezi tisa lini? Hakuna 31 Februari 2026. Ukibana, ni tarehe 28. Ukimwaga, ni 3 Machi. Sisi tulikataa zote mbili tukachukua 1 Machi, siku ya kwanza ambayo hakuna awezaye kusema miezi tisa haijaisha. Mkopo ukidaiwa siku moja mapema mtu ananuna tu. Kwetu tulitaka mtoto asiitwe kabla. Hakuna maktaba iliyotupa hilo moja kwa moja. Tunabana, tunaangalia kama namba ya siku imepungua, ikiwa imepungua tunaongeza siku moja.

Na kuna la wajawazito, ambalo mwalimu atalipenda. Kanuni ya Naegele ya kukisia siku ya kujifungua: chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, rudi nyuma miezi 3, ongeza mwaka. Wengine wanahesabu siku 280 moja kwa moja. Kwa 1 Januari 2025 zote zinatoa 8 Oktoba. Kwa 10 Mei 2025, kanuni inatoa 17 Februari 2026 na siku 280 zinatoa 14 Februari. Hata mpangilio una maana. Kwa 25 Mei, ukianza na siku 7 unafika 1 Machi. Ukianza na miezi, unafika 4 Machi. Tulikuwa na kadi za karatasi zenye tarehe moja na kompyuta yenye nyingine, na akina mama walikuwa wanauliza waamini ipi. Kadi na kompyuta zote zilikuwa zimejumlisha vizuri.

---

njoro_maziwa · Njoro

Sisi wa ng'ombe tuliwahi kuandika "miezi 9" baada ya kupandisha. Ng'ombe hubeba siku kama 283, na hajali Februari. Tukaweka siku. Kwa mnyama tumieni siku, kwa deni tumieni mwezi.

---

mwalimu_lurambi · Kakamega

Dada wa kliniki, hiyo ya 25 Mei naichukua kwa mtihani wa muhula huu.

---

fundi_wa_lanet · Nakuru

Narudi na habari. Jumapili nilikaa na mama (mweka hazina, si wa viazi) nikamweleza mabishano yote haya. Pendekezo la mhasibu la tarehe 5 alilikataa kabla sijamaliza sentensi, kwa sababu ileile aliyoitoa Nyota, ila kwa maneno makali zaidi. La riba alilikubali: ni ya mwezi, sawa kila mwezi, na lilikuwa hivyo kwenye daftari tangu mwanzo. Ni mimi niliyekuwa sijauliza.

Swali la Kondele, la 30 Aprili, ndilo lililomkalisha. Akaniambia: "Si umuulize aliyekopa?" Kuna anayesema "nitalipa tarehe 30" na kuna anayesema "nitalipa mwisho wa mwezi", na siku hiyo ya Aprili wote wawili wanaandikwa namba moja. Kompyuta haiwezi kujua alisema lipi. Kwa hiyo sikuchagua kati ya Python na Oracle. Nimeongeza swali kwenye fomu: siku ya malipo ni ngapi, 1 mpaka 30, au "mwisho wa mwezi". Aliyechagua mwisho wa mwezi namhifadhi kama 31, na kubana kunafanya kazi iliyobaki:

`asili + relativedelta(months=n, day=siku_ya_malipo)`

Hapo day bila s mwishoni. Ukiandika days inaongeza siku badala ya kuweka siku, na nilipoteza saa nzima hapo. Kwa 30 Aprili na siku_ya_malipo 31 inatoa 31 Mei, ikiwekwa 30 inatoa 30 Mei.

Ujumbe wa simu pia nimeubadilisha. Aliyesema mwisho wa mwezi hapati tena "tarehe 28", anapata "mwisho wa mwezi wa pili". Huo ulikuwa uamuzi wa mama.

---

kondele_seva · Kisumu

Safi. Seva yako iko wapi, na saa yake imewekwaje? Nauliza kwa sababu nyingi zinakaa UTC, ile saa ya pamoja ya dunia, na sisi tuko saa tatu mbele yake. Mtu akilipa saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei, seva inaandika 30 Aprili saa 22:30. Ukijumlisha malipo ya mwezi kwa saa ya seva, pesa yake ya Mei inaingia Aprili, na Mei anaonekana hajalipa. Geuza kwanza kuwa Africa/Nairobi, ndipo uulize ni mwezi gani. Bahati yetu ni kwamba Kenya hatusogezi saa mbele na nyuma kila mwaka, la sivyo ungekuwa uzi mwingine huu.

---

fundi_wa_lanet · Nakuru

Nimeangalia sasa hivi. Ni UTC. Na mama wa viazi hulipa saa tisa usiku, kabla ya kwenda kupokea lori.

Saa tisa usiku ni saa 00:00 ya seva. Kwa hiyo yeye ameponea kwa dakika chache kila mwezi. Ngoja nirekebishe kabla lori halijawahi kufika mapema.